Usimfunge Kinywa Shahidi wa Injini



Siku hizi gari si kitu cha ajabu tena katika vijiji vyetu. Noah moja au Probox moja, iliyotumika kwanza huko Japani kisha ikaletwa kwetu kwa meli, hufanya kazi ya watu wengi. Asubuhi yapeleka ndizi na maziwa sokoni. Shule zikifunguliwa yachukua watoto wa bweni na masanduku yao. Jumapili yawaleta wazee Misani. Na usiku, mama mjamzito akishikwa na uchungu, mlango wa mwenye gari ndio unaobishwa kwanza. Basi gari hilo likilala, hasara si ya mwenyewe peke yake.

Leo twataka kusema juu ya kitu kidogo katika gari, chenye umbo kama plagi. Mafundi hukiita sensa ya oksijeni. Kikiharibika, taa ya manjano yenye picha ya injini huwaka mbele ya dereva. Wengi wakiiona taa hiyo hufanya moja la mambo mawili: ama humpa fundi fedha bila kuuliza neno, ama huifunika taa kwa utepe mweusi wasiione tena. Yote mawili si mema. Yafaa kwanza tujue sensa hiyo yafanya nini, kisha tujue kama imekufa kweli, ndipo tuibadilishe. Kazi yenyewe yaweza kufanyika nyumbani, na mtu mwenye mikono mitulivu na vyombo vichache ataiweza.

KAZI YA SENSA

Injini hula vitu viwili, petroli na hewa. Ili petroli iungue vizuri, kilo 1 ya petroli yataka kilo 14.7 hivi za hewa. Mama jikoni ajua jambo hili. Kuni zikisongamana mafigani, hewa haipiti, na nyumba yajaa moshi. Ukizitenganisha kidogo, moto wawaka safi. Ndivyo ilivyo katika injini. Petroli ikizidi, nyingine hutoka bila kuungua: fedha yako yapotea kwa moshi, na moshi wenyewe huwa na sumu zaidi. Hewa ikizidi, injini hukosa nguvu na hukatakata.

Zamani kipimo hicho kilikuwa kazi ya kabureta, na fundi aliirekebisha kwa bisibisi na kwa sikio lake. Mwaka 1976 kampuni ya Volvo ya Uswidi ilitoa magari yenye sensa iliyotengenezwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani. Magari hayo yalikusudiwa kwa jimbo la California katika Marekani, ambako sheria za moshi zilikuwa kali. Tangu hapo sensa zimeenea, na karibu kila gari la petroli la siku hizi linayo.

Sensa imekazwa katika bomba la moshi. Ncha yake iliyo ndani ya bomba ni ya kigae cha namna yake, kiitwacho zirkonia. Upande mmoja wa kigae huoshwa na moshi. Upande wa pili wagusa hewa safi. Ncha ikipata joto la nyuzi 300 au zaidi, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili hufanya umeme mdogo. Petroli ikizidi, umeme hufika kama volti 0.9. Hewa ikizidi, hushuka hata volti 0.1 hivi. Kompyuta ya injini husoma umeme huo, nayo hupunguza petroli au huongeza. Yaani sensa ni shahidi. Haiamui neno, hueleza tu iliyoyaona katika moshi.

Magari mengi ya silinda nne yana sensa mbili. Kati yake yako masega, yaani kile kisanduku cha chuma katika bomba la moshi, chenye vitundu vingi ndani kama sega la nyuki. Kazi ya masega ni kugeuza sumu za moshi ziwe hewa isiyodhuru sana. Sensa iliyo kabla ya masega ndiyo inayoongoza kipimo cha petroli. Iliyo baada ya masega huangalia kama masega yenyewe yangali yakifanya kazi. Injini za silinda sita zenye pande mbili aghalabu zina sensa nne.

Angalia neno moja hapa. Magari mengi mapya yana sensa ya namna nyingine upande wa mbele. Kwa macho zafanana kabisa na hizi, lakini umeme wake husomwa kwa njia nyingine, na volti tulizozitaja si zake. Kwa hiyo usinunue sensa kwa kuitazama tu.

KWANZA UJUE, KISHA UNUNUE

Tuseme taa imewaka katika Noah ya mzee mmoja, naye ampelekea kijana fundi.

"Mzee, sensa imekufa. Toa fedha nikanunue nyingine."

"Mwanangu, umejuaje ya kuwa imekufa?"

"Si taa inawaka, mzee?"

Jibu hilo halitoshi. Taa yasema tu kwamba liko jambo. Haisemi ni jambo gani. Kulijua, yapasa gari lipimwe kwa kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani. Mafundi wengi wa mjini wanacho, na hata vijijini wako vijana wanaokitumia pamoja na simu zao. Kifaa hicho kitatoa alama ya herufi moja na tarakimu nne. Mwambie fundi akuandikie alama hiyo katika karatasi, uichukue.

Alama P0135 yaonyesha kwamba kipashia joto cha sensa ya mbele hakifanyi kazi. P0141 yasema hivyo hivyo juu ya sensa ya nyuma. Hapo tazama kwanza fyuzi yake, kisha fuata waya kwa macho na vidole. Panya hupenda kulala juu ya injini yenye joto, na jino la panya limewafanya wengi wanunue sensa wasiyoihitaji. Fyuzi na waya zikiwa nzima, pima kipashia joto kwa mita ya umeme. Waya zake mbili aghalabu ni za rangi moja. Umeme usipopita kabisa kati yake, sensa hiyo imekwisha.

Alama P0171 ni jambo jingine. Yasema kwamba hewa imezidi petroli. Wengi hubadilisha sensa kwa ajili ya alama hii, na taa yawaka tena baada ya siku chache. Kwa nini? Kwa sababu sensa ilisema kweli. Labda mpira wa hewa umepasuka, labda pampu ya petroli imechoka, labda chujio la petroli limeziba. Kadhalika P0420 yalaumu masega, na pengine chanzo chake ni tundu katika bomba la moshi. Aletaye habari mbaya si mwongo. Ukimfukuza ukaleta mwingine, naye atakuambia yale yale, nawe umekwisha toa fedha.

Sensa iliyochoka ina dalili zake. Petroli yaisha upesi kuliko desturi, moshi wanuka petroli au wawa mweusi, injini yatetemeka gari likiwa limesimama. Lakini chujio la hewa lenye vumbi na plagi mbovu nazo huleta mambo hayo. Anza na kilicho rahisi.

Tena uliza, sensa imekufa kwa sababu gani? Injini inayokula oili huipaka sensa masizi. Maji ya rejeta yakivuja ndani ya injini huidhuru. Gundi nyingine za silikoni, fundi azipakazo kwenye gasketi, hutoa mvuke unaoiua. Usipoondoa chanzo, sensa mpya nayo itakufa. Hapo zamani kilikuwapo chanzo kikubwa kuliko hivyo vyote, yaani madini ya risasi yaliyotiwa katika petroli. Risasi iliua sensa na masega, na lililo baya zaidi, iliharibu akili za watoto waliovuta moshi wake. Juni 2001 wajumbe wa nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara walikutana Dakar, Senegal, wakapatana kuiacha, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 ilikuwa imeachwa. Mwaka 2021 Algeria, nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa magari ya kawaida, nayo ikaiacha.

VYOMBO VYA KUTAYARISHA

Ukiisha kuwa na hakika, nunua sensa yenye namba ile ile iliyoandikwa katika ya zamani, au namba itolewayo kwa gari lako katika duka la vipuri. Kisha tayarisha vyombo hivi: spana ya namba 22, au soketi yake yenye mwanya wa kupitisha waya, mafuta ya kulegeza kutu, glavu, na, ikiwa sensa iko chini ya gari, jeki na stendi mbili imara. Katika baadhi ya Toyota za zamani sensa haikukazwa kwa meno yake, bali imeshikwa kwa nati mbili ndogo. Basi tazama kwanza kabla ya kuazima spana.

KAZI YENYEWE

Fanya kazi nje, mahali pa wazi. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa. Moshi una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Humlaza mtu usingizi asiamke.

Weka gari mahali tambarare penye udongo mgumu. Vuta breki ya mkono, uweke kabari au mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Ukiinua gari kwa jeki, lishushe juu ya stendi, kisha ulisukume kwa mkono uone kama linacheza. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kama ni kwa dakika moja tu. Tofali pia si stendi, maana hupasuka ghafula. Sensa yaweza kununuliwa nyingine. Baba wa watoto hanunuliwi.

Acha injini ipoe. Bomba la moshi likiwa la moto laweza kukuunguza hata mfupani. Walakini sensa hutoka kwa urahisi zaidi bomba likiwa na uvuguvugu kidogo. Kwa hiyo wengine huwasha injini dakika chache, wakaizima, wakangoja hata mkono uweze kuvumilia.

Zima ufunguo na ufungue waya wa hasi wa betri. Fuata waya wa sensa mpaka mahali unapoungana na waya wa gari. Bonyeza kile kishikizo cha plastiki, uvute kiungio chenyewe. Usivute waya. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu mahali sensa inapoingia katika bomba, ungoje robo saa au zaidi. Ukiwa na haraka siku hiyo, ni heri kuacha kazi mpaka kesho.

Sasa tia spana ugeuze kushoto. Ikikataa, usichukue bomba refu na kulalia kwa nguvu zote. Tia mafuta tena, ngoja, geuza kidogo kushoto, rudisha kidogo kulia, kisha kushoto tena. Ikikataa kabisa, mpelekee fundi mwenye moto wa gesi, umlipe ujira wake kwa moyo mweupe. Si aibu. Ukikata sensa ndani ya bomba, gharama itakuwa kubwa kuliko ujira huo.

Ikiisha kutoka, ilaze kando ya mpya. Linganisha meno, urefu wa waya, kiungio na namba. Pangusa meno ya tundu la bomba, uone kama ni mazima. Usiidondoshe sensa mpya, maana kigae chake hupasuka ndani na kwa nje usione kitu. Usiiguse ncha yake kwa vidole vyenye mafuta. Sensa nyingi huja zikiwa na dawa ya kuzuia kugandana katika meno yake. Ikiwa haina, paka kidogo kwenye meno tu, isifike kwenye ncha.

Anza kuikaza kwa vidole. Ikiingia upande, itoe uanze upya, usiilazimishe. Ikiisha kukaa vizuri, malizia kwa spana kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Kwa sensa nyingi kipimo hicho ni kama Nyutoni-mita 40 hivi, yaani mkazo wa mkono mmoja imara, si wa wanaume wawili. Kaza sensa kwanza, kisha uunganishe waya, ili waya usijisokote. Uelekeze mahali pale pale ulipopita ule wa zamani, mbali na bomba, usije ukaungua.

Rudisha waya wa betri, uwashe injini, usikilize. Ukisikia moshi ukivuma penye sensa, haijakaza vizuri. Kukiwa kimya, mwambie mwenye kile kifaa aifute alama, kisha uendeshe siku kadhaa. Asiye na kifaa, mara nyingi taa itazimika yenyewe baada ya safari chache, ikiwa kweli ubaya umeondoka. Ikiwaka tena, soma alama upya. Usianze kununua kitu kingine kwa kukisia.

DAWA ZA UONGO

Watu watakushauri uisugue sensa kwa brashi ya chuma au uiloweke katika petroli. Usifanye hivyo. Ukiisugua waharibu ngozi nyembamba ya madini iliyo juu ya kigae, na petroli haiponyi kigae kilichochoka. Wengine watasema ukate waya tu. Ukikata, kompyuta itaona ya kuwa shahidi hayupo, nayo aghalabu itatia petroli kwa kipimo cha tahadhari, yaani nyingi kuliko haja. Gari litakwenda, lakini kwa miezi petroli uliyoipoteza yaweza kupita bei ya sensa. Tena petroli isiyoungua huenda ikaungua ndani ya masega. Masega yakipata moto mkali huyeyuka na kuziba, nayo ni ya bei kubwa kuliko sensa mara nyingi.

Wako pia wanaong'oa masega yenyewe na kuyauza kwa ajili ya madini ya thamani yaliyomo, wakaunga bomba tupu mahali pake. Kisha huidanganya kompyuta isiwashe taa. Moshi wa gari hilo waingia wapi? Waingia katika mapafu ya watoto wanaotembea kando ya barabara kwenda shule. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitufundisha kuitunza dunia kama nyumba yetu sote, na alitaja usafiri kati ya vyanzo vya uchafu wa hewa unaowadhuru watu. Neno hilo halikuandikiwa miji mikubwa peke yake.

NENO LA MWISHO

Ndugu msomaji, liko jambo moja zito kuliko spana zote hizi. Watu wengi wakitaka kuuza gari lenye taa hiyo, huichomoa globu yake au huifunika. Mnunuzi huwasha gari, haoni taa, atoa fedha aliyoiweka miaka mitano kwa kuuza kahawa na ng'ombe wake. Muuzaji ajisemea, "Sikusema uongo, hakuniuliza." Basi na ajiulize: kwa nini aliificha? Amri ya nane yatukataza kushuhudia uongo, na mtu aweza kuishuhudia kwa utepe mweusi bila kufungua kinywa. Amri ya saba nayo yatukataza kuchukua mali ya mwenzetu kwa hila. Na gari hilo likizimika usiku njiani, na mgonjwa yumo ndani, aliyeficha taa atajibu nini?

Ukiuza gari lenye taa inayowaka, sema: "Taa hii inawaka, alama yake ni hii, na bei nimeipunguza kwa sababu hiyo." Huenda ukapata fedha kidogo zaidi kwa uongo, lakini jina jema kijijini halipatikani katika duka la vipuri. Nawe fundi kijana, usiseme "imekufa" kabla hujaipima. Mzee anayekuamini anastahili kuonyeshwa ile alama katika karatasi, na kurudishiwa sensa yake ya zamani mkononi.

Siku ya kufanya kazi hii, mwite mwanao akushikie tochi, wa kiume au wa kike. Mweleze kila unachokifanya na sababu yake. Atajifunza spana ya namba 22, naye atajifunza pia kwamba nyumbani kwenu taa ikiwaka hutafutwa kilichoiwasha.

Kwa leo yatosha. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasema juu ya chujio la hewa na vumbi la barabara zetu. Mungu azibariki kazi za mikono yenu.